Jumatatu Jioni Watoto Wako Wako Wapi?



Ujumbe wa leo utaudhi watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mzazi ambaye amemkabidhi mwalimu wa Sande skuli roho ya mtoto wake, saa moja na nusu kwa wiki, kisha akanawa mikono. Wa pili ni mtumishi mwenzangu ambaye ratiba ya kanisa lake haimwachii baba yeyote jioni moja ya kukaa na wanawe. Nawaomba wote wawili msome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Fungua Biblia yako, Yeremia 35.

Mungu anamtuma nabii awaite Warekabi, awaingize katika chumba kimoja cha nyumba ya Bwana, awawekee divai mbele yao na kuwaambia wanywe. Wanakataa. Wanasema baba yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe divai, wasijenge nyumba, wasipande mbegu, wakae hemani siku zao zote. Yonadabu huyo aliishi wakati wa mfalme Yehu. Hesabu mwenyewe, ilikuwa imepita zaidi ya miaka 200! Vitukuu wa vitukuu walikuwa bado wanashika neno la babu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Sasa angalia vizuri. Mungu hakuwaagiza watu wa Yuda wakaishi hemani. Hakuwaambia waige masharti ya Yonadabu. Lakini aliwasimamisha Warekabi hekaluni ili Yuda waone aibu. Watu hawa wanamsikia baba yao wa kimwili, na ninyi mlio na torati na manabii hamnisikii mimi Mungu wenu.

Bwana Yesu naye alifanya hivyo hivyo. Katika Yohana 4 alimwambia yule mwanamke Msamaria waziwazi kwamba watu wake wanaabudu wasichokijua. Hakumficha. Lakini katika Luka 10, alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani, alimpitisha kuhani, akampitisha Mlawi, akamsimamisha Msamaria. Ukweli kuhusu ibada yao aliusema, na wema wa mmoja wao hakuuficha.

Kwa msingi huo, leo nataka nikuonyeshe nyumba ya Wamormoni.

Nieleweke mapema. Kitabu cha Mormoni, kilichochapishwa mwaka wa 1830, sikipokei kuwa Neno la Mungu. Joseph Smith simpokei kuwa nabii. Mafundisho yao juu ya Utatu siyo tunayoamini, na ubatizo wanaoufanya kwa niaba ya wafu siukubali. Soma Wagalatia 1 na usimame imara. Wale vijana wawili wa mashati meupe na beji nyeusi kifuani wakibisha mlango wako, wakaribishe chai, wasikilize kwa heshima, kisha washuhudie wokovu wako. Si watu wa mbali. Kanisa lao lilitambuliwa rasmi hapa Kenya mwaka wa 1991, na leo wana hekalu Nairobi.

Lakini ukiwatazama vijana hao jiulize swali moja. Ni nani aliyewalea? Mvulana wa miaka 18 anaacha nyumbani, anaenda nchi asiyoijua, anatembea kwa miguu miaka 2 bila mshahara, kwa akiba yake na ya wazazi wake, akihubiri jambo ambalo mimi naamini si sahihi. Na wako je? Wako aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, aliyebebwa kanisani tangu akiwa na siku arobaini, anaweza kueleza kwa dakika tano tu kwa nini ameokoka?

Usinijibu haraka.

Sasa chukua familia moja ya kawaida ya Kimormoni kule Utah, Marekani. Baba, mama na watoto watano. Chukua mwezi mmoja tu, Julai, watoto wakiwa kwenye likizo yao ndefu. Tembea nami katika mwezi huo.

Jumapili ya kwanza ni siku ya kufunga. Wakubwa wanaacha milo miwili, na fedha za chakula hicho zinakwenda kwa maskini. Kanisani siku hiyo hakuna mhubiri mmoja. Waumini wenyewe wanasimama kutoa ushuhuda, na watoto pia hupanda pale mbele na kusema wanachoamini. Mtoto wa miaka saba ameshika kipaza sauti na mkutano mzima umenyamaza kumsikiliza. Kwetu mtoto wa miaka saba akilia wakati wa mahubiri, mhudumu wa mlangoni anamwonyesha mama yake njia ya nje.

Jumatatu inafika. Jioni hiyo wanaiita jioni ya familia nyumbani. Ukutani kuna ubao mdogo wenye majina ya watoto, na kila wiki kazi zinazunguka: nani ataongoza wimbo, nani ataomba, nani atafundisha, nani ataandaa mchezo, nani ataandaa kitu kitamu cha mwisho. Mtoto wa miaka minne ambaye hajui kusoma ndiye anayechagua wimbo. Somo lenyewe ni la dakika kumi au kumi na tano, wala baba hahubiri saa mbili. Kisha wanacheza, wanacheka, wanakula, wanalala. Basi. Kitu kidogo hicho wanakirudia wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka.

Jumamosi moja katika mwezi huo mtoto wao ametimiza miaka 8, umri wao wa kubatizwa. Babu na nyanya wanasafiri kuja. Baba mwenyewe anavaa nguo nyeupe, anaingia majini na mwanawe, anamzamisha kwa mikono yake. Sikubaliani na mafundisho wanayombatizia. Lakini natamani ungeona picha hiyo usiku ukiwa umelala: baba na mwana majini. Wangapi kati yetu walijulishwa ubatizo wa watoto wao kwa ujumbe wa WhatsApp, na siku ikifika baba yuko kazini?

Tarehe 24 Julai ni sikukuu kubwa kule Utah. Wanakumbuka siku ya mwaka wa 1847 ambapo Brigham Young na watu wake walifika kwenye bonde la Salt Lake. Kuna gwaride na michezo, na barabarani watoto wanapita na baiskeli zilizopambwa. Lakini sikiliza wanachosimuliwa watoto hao. Wanasimuliwa kwamba mwaka wa 1856 baadhi ya wazee wao walivuka Marekani wakivuta mikokoteni kwa mikono, theluji ikawakuta njiani, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kuna majira ya kiangazi ambapo vijana wao huvalishwa nguo za zamani na kupewa mikokoteni waivute wenyewe milimani, ili miguu yao nayo ikumbuke. Na wanapokutana ukoo mzima, shangazi, wajomba na binamu wamevaa fulana za rangi moja, wanatajiana majina ya mababu hadi kizazi cha tano na cha sita.

Wako anajua nyanya yake aliokoka vipi? Anajua ni mhubiri gani alipita kijijini kwenu, na babu alipigwa na nani alipokataa kumwaga pombe kwenye kaburi? Ushuhuda huo unao kichwani mwako, nao utazikwa pamoja nawe.

Na mara moja kwa wiki simu inalia. Ni kaka mkubwa aliye kwenye utumishi ng'ambo. Familia inajibana mbele ya skrini moja. Wadogo zake wanamwona, wanauliza maswali, na mioyoni mwao wanajua zamu yao inakuja.

Huo ni mwezi mmoja. Hakuna muujiza ndani yake, na hakuna nabii aliyeletwa kutoka nje. Ni wazazi waliochoka kama wewe, waliotoka kazini kama wewe, walioamua kwamba imani ya mtoto ni kazi ya nyumbani.

Unadhani walianza jana? Mwaka wa 1915 viongozi wao wakuu waliwaandikia waumini wote wakiwataka wawe na jioni ya nyumbani. Mwaka wa 1970 wakaitenga Jumatatu, na jioni hiyo kanisa haliweki mikutano, ili mtu asiwe na kisingizio cha kutokuwa nyumbani. Mwaka wa 2019 wakapunguza ibada ya Jumapili kutoka saa tatu hadi saa mbili, na wakatoa mwongozo wa kujifunza Maandiko nyumbani. Watumishi wenzangu, soma tena hapo. Viongozi walichukua saa moja kutoka mikononi mwao wenyewe na kuirudisha kwa baba na mama. Ni wangapi kati yetu tungekubali kupunguza saa moja ya madhabahu yetu?

Kisha ikaja 2020. Mnamo Machi dunia ilifungwa, na makanisa yakafungwa nayo. Wao walikuwa na mwaka mzima wa mazoezi ya kufundishana sebuleni. Sisi tulikimbilia kwenye mubashara. Na mnakumbuka ibada ziliporuhusiwa tena hapa Kenya mwezi wa Julai, tuliambiwa tusizidi watu 100, ibada isizidi saa moja, na watoto walio chini ya miaka 13 wasije. Sikia hilo, mzazi. Kwa miezi, mtoto wako hakuwa na kanisa lingine isipokuwa wewe. Palipokuwa na madhabahu ndani ya nyumba, moto haukuzimika. Mahali ambapo kila kitu kilikuwa kinategemea Sande skuli, televisheni ndiyo iliyochukua uchungaji.

Sasa tutazame wiki ya Mpentekoste wa mjini. Jumanne kikao cha kamati. Jumatano maombi ya katikati ya wiki. Alhamisi ushirika wa nyumbani, ambao mara nyingi ni nyumbani kwa mtu mwingine. Ijumaa kesha. Jumamosi mazoezi ya kwaya, mazishi kijijini, au harambee. Jumapili ibada ya kwanza, ya pili, halafu mkutano wa akina mama, halafu wa akina baba. Jumatatu umechoka, unashika simu, na kila mtu ndani ya nyumba ameshika yake.

Tunaimba nyumba zetu ni za Bwana. Saa ngapi?

Mzee Eli alikuwa mtumishi wa kweli. Alikaa hekaluni, alimfundisha Samweli, mtoto wa mwenyewe, jinsi ya kuitika sauti ya Mungu. Lakini wanawe wa kuzaa, Hofni na Finehasi, walikuwa hawamjui Bwana. Unaweza kuwa hekaluni kila siku na watoto wako wakapotelea mlangoni pa hekalu. Na Waamuzi 2 inatueleza lililofuata baada ya Yoshua na wazee wa wakati wake kufa: kikainuka kizazi kingine kisichomjua Bwana wala kazi aliyoitendea Israeli. Kizazi kimoja tu! Ukuta wa Yeriko ulikuwa umeanguka mbele ya macho ya babu zao, na wajukuu hawajui.

Najua majibu yenu. Acheni niyapokee moja baada ya jingine.

Utasema, "Mchungaji, sisi tunaongozwa na Roho Mtakatifu, hatufuati ratiba." Mbona kesha lina ratiba? Mbona chama chako cha kina mama kina tarehe na faini ya anayechelewa? Danieli alijazwa na Roho na bado aliomba mara tatu kwa siku dirisha likiwa wazi. Kinachokosa saa ni kile tusichokithamini.

Utasema, "Mimi natoka kazini usiku, foleni ya Thika Road unaijua." Naijua. Ndiyo maana nimekwambia ni dakika kumi na tano na chai. Ukikosa Jumatatu, chukua Jumapili baada ya chakula. Siku yenyewe si sheria ya Musa.

Utasema, "Mimi ni mama peke yangu, nyumba yangu haina baba wa kuongoza." Dada yangu, fungua 2 Timotheo 1. Paulo anaitaja imani ya Timotheo na anataja alikoitoa: kwa Loisi nyanya yake na Eunike mama yake. Wanawake wawili walimtoa askofu nyumbani mwao. Usijihurumie, anza.

Utasema, "Watoto wangu wako bodingi." Kweli, na wanarudi Aprili, wanarudi Agosti, wanarudi mwisho wa mwaka. Wanaporudi unawaandikisha tuisheni, unawapeleka ushago kwa wiki mbili, na wiki inayobaki unawapa simu ili wasikusumbue. Hizo wiki chache ndizo Julai yako. Zitumie.

Na mwingine atasema, "Hata watoto wa Wamormoni huacha imani yao." Ni kweli, wengi huacha. Na ziko nyumba zao ambamo utaratibu umekuwa mzigo, ambamo familia inatabasamu mbele za watu na kulia jikoni. Utaratibu hauokoi mtu. Damu ya Yesu ndiyo inayookoa. Ratiba ni kama sufuria. Sufuria tupu haishibishi, lakini hebu jaribu kupika ugali bila sufuria.

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Wao wana sufuria, na ninaamini kilichomo kina kasoro. Sisi tumepewa unga safi, Injili ya neema, Roho Mtakatifu, Maandiko yaliyotimia, na tunaumwaga sakafuni kwa kukosa cha kupikia. Kumbukumbu la Torati 6 ilisema tuwafundishe watoto tuketipo nyumbani, tutembeapo njiani, tulalapo na tuondokapo. Agizo hilo lilipewa wazazi, karne nyingi kabla ya kuwepo Utah. Wamormoni wamelitii kuliko sisi tunaolihubiri. Usichukie kwamba nimekuonyesha Warekabi. Chukia kwamba ilibidi.

Watumishi wenzangu, neno lenu. 1 Timotheo 3 haisemi mwangalizi apimwe kwa wingi wa ibada. Inauliza anavyoisimamia nyumba yake, kwa sababu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu? Toa jioni moja. Ifunge. Zima taa za kanisa, mpeleke mlinzi na mpiga kinanda nyumbani kwao. Sadaka haitapungua, na hata ikipungua, watoto ni wa thamani kuliko sadaka. Katika kanisa letu Jumatatu jioni haina kikao, haina mazoezi, haina ziara, na simu yangu haiiti mtu yeyote isipokuwa kwa mgonjwa au msiba. Ukiniona Jumatatu saa mbili usiku nikiwa mubashara mtandaoni, niandikie: "Mchungaji, rudi kwa watoto."

Nanyi wazazi, nawapa mwezi mmoja. Jumatatu nne.

Jumatatu ya kwanza, simulia ulivyookoka. Usipambe. Waambie ulikuwa nani.

Jumatatu ya pili, mpe mdogo kuliko wote achague wimbo, na mkubwa asome Zaburi moja na kusema ameelewa nini. Usimkosoe mbele ya wenzake.

Jumatatu ya tatu, mpigieni nyanya au babu simu, iwekwe kwenye spika, awaeleze Bwana alivyomtendea. Kama wamelala mavumbini, wewe simulia kwa niaba yao.

Jumatatu ya nne, waulize watoto wana maswali gani juu ya Mungu ambayo wanaogopa kuuliza kanisani. Kisha nyamaza usikilize. Usishtuke. Usipige mtu. Swali ambalo mtoto hakuliuliza kwako ataliuliza TikTok, na TikTok haina hofu ya Mungu.

Simu zote kwenye kapu moja, na ya baba iwe ya kwanza. Mandazi yasikosekane.

Ayubu aliamka alfajiri kutoa sadaka kwa ajili ya kila mwanawe mmoja mmoja, kwa hesabu yao wote, na Biblia inasema alifanya hivyo siku zote. Hakungoja wapotee ndipo aombe. Yoshua hakusema mimi na kanisa langu. Alisema yeye na nyumba yake.

Omba nami:

Baba katika jina la Yesu, tunakuletea sebule zetu. Tunakuletea mtoto aliyefunga mlango wa chumba chake, aliye chuoni na haabudu tena, aliye bodingi usiku huu. Waamshe akina baba. Watie nguvu akina mama wanaobeba peke yao. Rudisha moto kwenye madhabahu ya kila nyumba inayosoma maneno haya, na usiruhusu kizazi kiinuke katika nyumba zetu kisichokujua wewe. Amina.

Kama umepokea, usiniandikie amina tu. Niandikie majina ya kwanza ya watoto wako, nami nitayataja katika maombi yangu ya alfajiri. Kisha mtumie ujumbe huu baba mmoja unayemjua.

Jumatatu ni kesho kutwa. Mungu awabariki.